Je, "ndugu zake" Yesu walikuwa watoto wa Maria?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Chake Chake. Mwenzangu wa zamu, ambaye ni mlokole, alinifungulia Mathayo 13:55, panapotajwa ndugu zake Yesu kwa majina, yaani Yakobo, Yosefu, Simoni na Yuda, akasema kwamba Kanisa Katoliki linapomwita Maria "Bikira daima" linapingana na Biblia waziwazi. Nilimjibu kuwa Kigiriki hakina neno la binamu, naye akanionyesha Wakolosai 4:10. Nikanyamaza. Nilikosea wapi, na jibu sahihi ni lipi?

JIBU: Milele na milele, amina. Ulikosea pale pale alipokushika mwenzako, na hukukosea peke yako, maana hoja hiyo nimeisikia hata kwa makatekista. Kigiriki kinalo neno la binamu, nalo ni *anepsios*, ambalo Paulo analitumia katika mstari huo kueleza uhusiano wa Marko na Barnaba. Kiebrania na Kiaramu ndizo lugha zisizokuwa na neno moja lililozoeleka la namna hiyo. Hoja ikikosewa hivyo, hata jambo la kweli huonekana la kubuni, kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba hapo amesema kweli, kisha mwendelee.

Wewe uko Pemba, na bila shaka umezoea kusikiliza matangazo ya vifo redioni. Hutajwa kwamba marehemu ni ndugu wa fulani wa Wete, fulani wa Mkoani na fulani aliyeko Unguja. Ukifika msibani unakuta mmoja ni mtoto wa ami yake, mwingine ni mtoto wa mama mdogo, na wa tatu ndiye waliyezaliwa baba mmoja mama mmoja. Mtangazaji hakusema uongo. Anayetaka kujua zaidi huuliza, "Ni ndugu wa tumbo moja?" Swali hilo la msibani ndilo tunalopaswa kuliuliza Andiko, kwa sababu neno "ndugu" peke yake halilijibu.

Hata hivyo, mazoea yetu ya Kiswahili si ushahidi juu ya Kigiriki, na mwenzako ana haki ya kudai ushahidi wa Kigiriki chenyewe. Upo. Wayahudi walipoyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki kabla ya Kristo, neno la Kiebrania *ach*, linalobeba undugu wa karibu na wa mbali kama lilivyo neno letu, walilitafsiri *adelfos*, yaani neno lile lile la Mathayo 13:55. Katika Mwanzo 13:8 Abramu anamwambia Lutu kwamba wao ni ndugu, ilhali Mwanzo 11:27 inasema Lutu ni mwana wa Harani, nduguye Abramu. Ulio bora zaidi kwa swali lako ni 1 Mambo ya Nyakati 23:21-22: Eleazari alikufa bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti, nao wakaolewa na "ndugu zao", wana wa Kishi. Kishi na Eleazari walikuwa wana wa Mahli, kwa hiyo hao "ndugu" ni watoto wa ami zao kabisa, na Kigiriki kimeandika *adelfoi* bila kusita. Mitume walisali na kufikiri ndani ya Maandiko hayo. Jina "ndugu wa Bwana", ambalo Paulo analitaja katika Wagalatia 1:19, lilizaliwa katika jumuiya ya kwanza iliyosema Kiaramu, na naona si ajabu likabaki kama lilivyozoeleka, hata kwa mwandishi aliyelijua neno *anepsios*.

Sasa tuulize swali la msibani: mama yao ni nani? Mathayo anamtaja Yakobo pamoja na Yosefu katika 13:55, kisha katika 27:56, miongoni mwa wanawake waliosimama mbali wakimtazama Yesu msalabani, anamtaja Maria mama wa Yakobo na Yosefu. Marko anafanya vivyo hivyo katika 6:3 na 15:40, akiongeza kwamba huyo ni Yakobo mdogo. Mama huyu hawezi kuwa Mama wa Yesu. Hakuna mwinjili ambaye, Yesu akiwa msalabani, angemtambulisha mama yake mzazi kwa majina ya watoto wengine, kisha katika Mathayo 28:1 akamwita "Maria yule wa pili". Mwenzako anaweza kujibu kwamba majina hayo yalikuwa ya kawaida kwa Wayahudi, na ni kweli yalikuwa ya kawaida. Lakini mwandishi mmoja akitaja jozi ile ile mara mbili ndani ya kitabu kimoja bila kutofautisha, mzigo wa kuthibitisha kwamba ni watu wengine uko kwa mwenzako.

Akikuletea Mathayo 1:25, kwamba Yosefu hakumjua Maria, yaani hakulala naye, "hata" alipomzaa mwana, kana kwamba baadaye alimjua, soma 2 Samweli 6:23: Mikali hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake, na hakuzaa kaburini. Na akisema kwamba Yesu kuitwa "mzaliwa wa kwanza" kunaonyesha walifuata wengine, "mzaliwa wa kwanza" ni cheo cha sheria katika Kutoka 13:2, nacho hakisubiri mdogo wake azaliwe.

Usivuke mpaka wa hoja, hata hivyo. Mistari hii inaonyesha kwamba Mathayo 13:55 haiupingi ubikira wa daima, lakini yenyewe haiuthibitishi. Kanisa limelipokea fundisho hilo katika Mapokeo, yaani imani iliyorithishwa tangu Mitume, na halikufunga maelezo yawe ya aina moja tu: Mtakatifu Jeromu, alipomjibu Helvidio, aliyedai kwamba Maria alizaa watoto wengine, karibu na mwaka 383, alisema ni binamu, ilhali wengi wa Mashariki husema ni watoto wa Yosefu wa ndoa ya kwanza. Martin Luther mwenyewe alishikilia kwamba Maria alibaki bikira, jambo ambalo walokole wengi hushangaa kulisikia.

Mistari yote niliyoitaja imo pia katika Biblia ya mwenzako ya vitabu 66, kwa hiyo huna haja ya kubeba yako. Mwombe aweke kidole kimoja kwenye Mathayo 13:55 na kingine kwenye 27:56, asome mwenyewe kwa sauti, nawe umwache amalize.