Akikuambia "niko tu", usikimbie kumjibu

Wadogo zangu mnaoanza ushauri rika semista hii, karibuni sana. Mi nimeifanya hii kazi miaka mitatu hapa Nairobi na sai nikijiandaa kumaliza chuo naona ni vibaya niondoke na vitu ambavyo mngeweza kuvijua mapema. Mafunzo mliyopewa ni mazuri, yashikeni, lakini pale ukumbini mnafanya mazoezi na mwenzenu ambaye anaigiza, huyo hulia akiambiwa alie. Komredi mwenyewe, yaani mwanafunzi mwenzako, hafanyi hivyo. Atakupata umepanga laini ya chapo, akuulize kama uko na noti za wiki jana, akope charja, azunguke zunguke, na ukiwa na haraka utampa hizo noti muachane hapo na hutawahi kujua alikuwa amekuja kwa nini.

Skizeni maneno ambayo watu wanatumia. Hiyo miaka yote sijawahi kufuatwa na mtu akaniambia "nina sonona", yaani depression. Wanasema nimechoka. Wanasema kichwa imejaa, ama sijiskii, ama sioni mbele. Na kuna lile letu la hapa Nairobi, unamuuliza mtu "uko aje?" anakujibu "niko tu". Sasa "niko poa" unaweza kupita nayo, lakini "niko tu" simama kidogo. Sio kila mtu anayesema hivyo ana shida, wengine wamelala vibaya tu, ila mara nyingi anakupima kama una muda. Muulize, "uko tu aje?" alafu unyamaze. Hapo kunyamaza ndio kazi, mi nilikuwa najaza kila kimya na maneno, usijali, itakuwa sawa, hata mimi nikiwa fasti yia ilinitokea, na kila nikisema hiyo ya mwisho mambo yanageuka kuwa yangu na jamaa anaanza kunipa pole mimi. Simu weka ndani ya begi, usiiweke mezani hata kama umeigeuza, juu ikitetemeka tu anakatiza alichokuwa anasema na harudi hapo tena.

Sasa nifike kwa kitu ambacho hasa kimenifanya niandike. Siri.

Mwaka wangu wa kwanza kwa hii kazi kuna kijana alinifuata jioni, tukakaa kwa ngazi za hosteli. Kabla aseme chochote akaniambia, "ahidi kwanza hutaambia mtu." Nikaahidi hapo hapo, kwa roho safi, nikidhani ni mambo ya msichana ama ni kubeti. Akaniambia hataki kuishi tena na ameshachagua siku. Mikono yangu ikawa baridi. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, nikinyamaza naweza kumpoteza, nikisema nimekuwa mwongo kwa mtu ambaye ameniamini kuliko ndugu zake. Nilikaa na hiyo siri kama dakika arobaini nikijaribu kumbembeleza peke yangu, na hadi leo naona zilikuwa nyingi sana. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba nimeahidi kitu ambacho sikuwa na ruhusa ya kuahidi, kwamba simwachi, na kwamba nampigia msimamizi wetu sasa hivi akiwa ananiskia. Alikasirika. Alinitukana kwa kilugha na kwa Kiswahili. Lakini hakuondoka pale kwa ngazi, tukaitana na jirani yake wa rumu tukakaa watatu hadi kaunsela akafika, na asubuhi dadake akaja wakaenda hospitali pamoja. Yuko hai. Alirudia semista moja, na miezi miwili hakunisalimia.

Hasira yake ilikuwa halali kabisa. Hakukasirika juu nimeita msaada, alikasirika juu niliahidi. Kama ningemwonyesha mpaka kabla hajaanza, angeamua mwenyewe anaongea na nani na anasema kiasi gani.

Kwa hivyo kabla hadithi ya mtu haijaanza, hata kama mko kwa ngazi, hata kama mnatembea kuelekea kwa stegi, semeni hivi ama kwa maneno yenu: "Tunayoongea yanabaki kati yetu, isipokuwa nikiona maisha yako ama ya mtu mwingine yako hatarini, hapo nitaita mtu wa kutusaidia, na wewe ndio utajua kwanza." Nilikuwa naogopa kwamba nikisema hivyo watu watafunga mdomo. Wachache wanafunga, ni kweli. Wengi wanauliza "utaita nani?" na hilo swali lenyewe ni mwanzo, umweleze msimamizi ni nani, kaunsela anafanya nini, na kwamba hakuna anayempigia baba yake ushago bila yeye kujua.

Na ukiwa na wasiwasi uliza kwa neno lenyewe. "Unafikiria kujiua?" Sisi tumezoea kuzunguka, ati usifanye kitu kibaya, ati usije ukafanya ujinga, na mtu anaskia kwamba ameshahukumiwa. Kuuliza wazi hakumpandii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi unaona mabega yanashuka juu hatimaye kuna mtu amelitaja. Akisema ndiyo, uliza kama ameshapanga na kama kuna kitu karibu naye anachofikiria kutumia, hicho kitolewe hapo, usimwache peke yake hata akisema anaenda tu msalani, na upige simu. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, iwe kwa simu yako leo kabla hujaihitaji. Befrienders Kenya pia wapo kwa ajili ya hayo.

Jueni pia kwa nini watu wanaogopa. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, hadi miaka miwili jela. Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema hicho kifungu kinakwenda kinyume na katiba. Lakini hukumu haifiki hosteli siku hiyo hiyo, bado kuna mtu atakuuliza "si nitashikwa?" na inafaa uwe na jibu. Kisha kuna Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Tumekua tukiitumia kama tusi, "wewe unafaa Mathari", na sasa unataka kumwambia rafiki yako aende huko. Mweleze ni hospitali ya rufaa, iko hapo Thika Road tangu 1910, na kuna kliniki ambayo mtu anaingia asubuhi, anaonwa na daktari, anarudi nyumbani. Mi nikimwelekeza mtu naenda naye mara ya kwanza, iwe ni huko ama ni ofisi ya kaunsela wa chuo. Ukimpa namba tu na kumwambia aende, wengi hawaendi.

Ile fomu ya maswali 9 ya kupima dalili za sonona, PHQ-9, mtakutana nayo. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita na swali la mwisho ni lile la mawazo ya kufa. Kama mmefunzwa kuitumia sawa, lakini alama haikufanyi daktari, usimwambie mtu ana ugonjwa fulani.

Shida nyingi mtakazoziona ni za pesa. Mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, umechelewa, fee haijaisha kwa hivyo hakuna kadi ya mtihani, jamaa amekula mara moja tangu jana, na wewe uko hapo unamfundisha kupumua. Muulize amekula lini. Hapo napenda sana njia ya Friendship Bench iliyoanzishwa Harare na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, na wamama wazee 14 waliokaa na watu kwenye benchi. Unamwacha mtu afungue mawazo yote, alafu anachagua shida moja tu, moja, na mnatafuta hatua ndogo ya wiki hii. Mtu mwenye shida ya kadi ya mtihani, sapu mbili (mitihani ya kurudia) na mapenzi yaliyovunjika akiamua tu kwamba Jumanne mnaenda pamoja ofisi ya fedha kuomba kulipa pole pole, analala tofauti hiyo usiku. Lakini usimkopeshe pesa zako. Nilifanya hivyo na dada mmoja, alikosa kunirudishia, akaanza kunikwepa, na ndio akapoteza mtu wa kuongea naye.

Usianze mapenzi na mtu unayemskiza. Usiandike habari ya mtu kwa grupu ya WhatsApp hata bila jina, hosteli ni ndogo, watajua.

Na mkutano wa msimamizi kila wiki usiukose hata wiki ya mitihani. Baada ya ile jioni ya ngazi sikulala vizuri karibu mwezi mzima na sikumwambia mtu juu nilidhani mimi ndio wa kuambiwa. Nilipopeleka hayo kwa msimamizi alinitoa kwa zamu wiki tatu. Niliona aibu, alafu nikalala.

Yule kijana sai tunasalimiana. Mwezi uliopita alinikuta kwa stegi, nikamuuliza uko aje, akafikiria kwanza kabla ya kujibu.