Fundi Anajibu: Gari nimeshusha, rimu ni 17, sasa tairi gani haitagusa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Nyakato hapa Mwanza, nina Mark II Grande GX110, nimeishusha kwa springi fupi kama sentimita 4 hivi. Nimepata rimu 17 za mtumba, matundu matano, kwa nyuma zimeandikwa 17x8JJ na 35. Za zamani ni 15x6½JJ na 50, tairi zake 195/65R15. Sasa fundi tairi wa kwanza ananiambia nifunge 205/40 ili isiguse, wa pili anasema 235/45 ndo inajaza fenda, rafiki yangu naye anasema tutafute tairi nyembamba tuivute kwenye rimu. Kila mtu na lake. Nikipakia watu watano kupanda Bugando sitaki kusikia kitu kinakwaruza, na hela ya kununua tairi mara mbili sina. Nisaidie.
Msomaji, Nyakato

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo la maana sana, umegeuza rimu ukasoma nyuma yake, bila hizo namba mimi ningekuwa nabahatisha tu kama hao wengine.

Tuanze na kimo cha tairi maana hapo ndo watu wengi wanapigwa. Tairi yako ya zamani ni 195/65R15, hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana ambayo ndo urefu wa ubavu, 15 ni inchi za rimu. Kwa hiyo chukua 195 mara 0.65 unapata 126.75, mara mbili kwa sababu kuna ubavu wa juu na wa chini unapata 253.5, jumlisha rimu ambayo ni 15 mara 25.4 yaani 381, jumla milimita 634.5. Hiyo namba iandike kwenye simu yako isipotee, ndo kimo ambacho spidomita na gia zako zimepangiwa, na tairi yoyote utakayofunga inatakiwa iwe karibu na hapo, mimi napenda isizidi wala kupungua zaidi ya asilimia 2.

Sasa ile 205/40R17 ya fundi wa kwanza inatoka 595.8, yaani fupi kwa karibu milimita 39. Nusu ya hizo, kama milimita 19, gari inashuka nayo tena juu ya zile sentimita 4 za springi, sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) na egzosi ndo zitakwambia kwenye tuta la kwanza tu. Halafu uwazi kati ya tairi na fenda unaongezeka, wakati we ulishusha gari ili huo uwazi ufe! Spidomita nayo inakudanganya, ikisoma 50 we uko 47, na kilomita za gari zinahesabika nyingi kuliko ulizotembea. Ni kweli haitagusa, hilo fundi hajakosea, ila kutokugusa peke yake sio sababu ya kuchagua tairi.

Na kuna kitu kikubwa zaidi ambacho sijasikia umetaja na naona hata hao mafundi hawakukwambia, namba ya uzito. Ukimaliza kusoma saizi ubavuni kuna namba nyingine inafuata na herufi, mfano 91V. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba mpaka kilo 615. 195/65R15 kwa kawaida huwa ni 91. Sasa 205/40R17 mara nyingi ni 84, kilo 500. Tofauti ni kilo 115 kila tairi, kwa tairi nne kilo 460, na we unataka kupakia watu watano upande mlima. Tairi iliyozidiwa uzito inachemka, ubavu unachoka kwa ndani bila we kuona kitu, siku ya siku inapasuka uko njia ya Magu na spidi. Hapa sitanii na mtu, namba ya uzito isishuke chini ya ile ya tairi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata kama kibandiko ni cha Kijapani namba zinasomeka.

Ya fundi wa pili, 235/45R17, kimo chake ni 643.3, sio kibaya, na uzito inabeba vizuri tu. Shida yake iko kwenye rimu zako. Hiyo 35 inaitwa ofseti, ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapolalia habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa juu yake, namba ikiwa ndogo rimu inasogea nje. Rimu ya zamani yenye upana wa inchi 6½ na ofseti 50 mdomo wake wa nje ulikuwa umetoka kama milimita 32 na nusu kutoka kwenye habu. Hii mpya ya 8 na ofseti 35 unatoka milimita 66 na kitu. Tofauti ni milimita 34, vidole viwili ukiviweka pamoja, zote zimeenda upande wa fenda. Kwa ndani imesogea milimita 4 tu, kwa hiyo shokapu na amu za ndani sina wasiwasi nazo sana, vita yako yote iko kwenye mdomo wa fenda, nyuma ukipakia na mbele ukikata kona. Ukiongeza na 235 juu ya hapo, gari imeshushwa, watu watano ndani, hiyo lazima ikate.

La rafiki yako la kuvuta tairi nyembamba kwenye rimu pana naomba ulisahau kabisa. Najua inavyopendeza, tairi imelala pembeni, rimu imetokeza, picha kali. Ila ule ukingo wa tairi unaoshika rimu unashikiliwa na upepo, ukiuvuta namna ile shimo moja tu unaachia na upepo wote unatoka kwa mpigo. Na hakuna ubavu wa kuilinda rimu, jiwe linakula chuma moja kwa moja. Mwanza yetu hii unaijua, mvua ikipiga mawe na mchanga vinateremka milimani vinakaa katikati ya lami, na huko mitaa ya juu unapita kwenye barabara za mawe.

Mimi ningefunga 215/45R17, na sio yoyote, ile yenye XL ubavuni, yaani iliyoimarishwa ibebe uzito zaidi, na namba 91. Kimo chake 625.3, imepungua milimita 9 tu, asilimia moja na nusu haifiki. Rimu ya 8 ndo mwisho wa upana inaoruhusiwa, inaanzia 7, kwa hiyo inakaa imenyooka bila kuvutwa. Ile ya kawaida isiyo na XL huwa ni 87, kilo 545, usiikubali hata muuzaji akikwambia saizi ni hiyohiyo, saizi ndiyo ila uzito siyo. Kuna 225/45R17 ambayo kimo chake ni 634.3, karibu kabisa na ya zamani, na kama rimu zako zingekuwa ofseti 45 hivi ningekwambia chukua hiyo bila kufikiri mara mbili, lakini kwa 35 na springi fupi zile milimita chache za kimo ndo zinazokuokoa pale kwenye fenda. Inchi 18 usiniulize, kwa barabara zetu sioni faida yake. Hata kwa hii 17 ubavu umeshuka kutoka sentimita 12 na nusu hadi 9 na nusu, shimo ulilokuwa unalipita bila kuwaza sasa linaweza kukata nyuzi za ndani, unaona nundu imetokea ubavuni, na nundu haizibwi, hiyo tairi ni ya kutupa.

Upepo nao unabadilika. Tairi ya XL inafikia hizo kilo 615 ikiwa na upepo mwingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo kama kibandiko kinasema 220 kPa ambayo ni kama psi 32, we weka 36 mpaka 38, upime asubuhi gari haijatembea. Wale vijana wa pancha wamezoea 30 kwa kila gari inayosimama, waambie mwenyewe.

Kabla hujalipia zote nne, mwombe fundi afunge mbili, moja mbele moja nyuma upande uleule. Chukua chaki ya kawaida ya shule, paka bega la nje la tairi kuzunguka lote, nene, isiwe ya kuparaza. Pakia watu watano kweli, sio watatu, tembea taratibu upande tuta kwa mshazari, kisha mahali pa wazi kata stelingi yote kushoto na kulia huku gari inatembea. Shuka, pitisha kidole chini ya mdomo wa fenda na tochi ya simu kwenye plastiki ya ndani. Palipoguswa pana unga mweupe, na chaki kwenye tairi imefutika mstari. Kama ni plastiki tu ya mbele, hiyo fundi anaisogeza na kuibana. Kama ni mdomo wa fenda, unakunjwa kwa ndani, ila rangi ipashwe moto kwanza ilainike maana ikipasuka kutu inaanzia hapo. Kama kidole kinakuta chaki nyingi mpaka juu ya fenda, rudisha tairi, tatizo ni rimu au springi.

Mwisho kabisa alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi zinavyoelekea, usiiruke. Gari ikishushwa tairi zinalala kwa juu kuelekea ndani, hiyo peke yake haili tairi haraka sana, kinachokula ni zile tairi mbili kutokuangalia mbele sawasawa. Baada ya wiki kadhaa pitisha kiganja ndani ya tairi, upande ule usiouona ukisimama, ukienda upande mmoja panateleza ukirudi panakwaruza kiganja basi alaimenti haiko sawa, rudi haraka kabla nyuzi hazijatoka. Wengi wanaangalia kashata, yale meno ya tairi, za upande wa nje wanaona bado mpya, kumbe ndani tayari ni kipara.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Forester nimeishusha kidogo, iko na 225/45R17 zote nne. Za mbele zimeisha na zilikuwa zinagusa kidogo nikikata kona. Hela yangu inatosha mbili, nifunge 215/45R17 mbele, nyuma nibaki na 225?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Hapana kaka, kwa Subaru usifanye hivyo. Hiyo gari inavuta miguu yote minne muda wote, Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi zote usitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kidogo. Mzunguko wa hizo saizi zako mbili unatofautiana kama milimita 28. Kinachotokea ni kwamba sehemu inayogawa nguvu mbele na nyuma inasuguana muda wote hata barabara iko nyoofu, inachemka, baadaye unaanza kusikia gari inajikaza ukikata kona kali kama mtu ameshika breki, na ukifika hapo bei ya tairi mbili utaiona ndogo. Hata 225/45 mpya mbele na zilizochakaa nyuma ni tatizo lilelile, kina cha kashata kisitofautiane zaidi ya milimita moja hivi. Kama hela ni ya mbili tu tafuta mbili za saizi hiyohiyo zilizotumika kwa kiwango cha hizo za nyuma, usome zile namba nne za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni, 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021, usije ukauziwa tairi yenye kashata nzuri ila imekauka. Kugusa kwa mbele utamaliza kwa kubana plastiki.

SWALI: Mambo vipi fundi. IST yangu nimeshusha nikafunga rimu 16 na tairi 195/55R16, mlangoni imeandikwa 185/65R15. Haigusi popote ila nikifika 80 stelingi inatetemeka. Nimebalansi, nimerudia kubalansi, bado. Tairi mbovu?
Msomaji, Musoma

JIBU: Poa kaka. Saizi umepatia, 620.9 kwa 621.5, karibu hakuna tofauti, sidhani kama ni tairi. Fungua rimu moja uangalie tundu la katikati. Habu ya IST ni milimita 54.1, rimu nyingi za kununua nje zina tundu la 67.1 au 73.1 ili ziingie kwenye kila gari, kwa hiyo rimu inaning'inia kwenye nati tu na ikikaa pembeni hata nywele mbili gari inatetemeka, na mashine ya balansi haiwezi kuona hilo kwa sababu yenyewe inaishika rimu katikati. Dawa ni ringi za plastiki au alumini za kuziba hiyo nafasi, nje saizi ya rimu, ndani 54.1.

Ila kabla ya ringi angalia nati leo hii. Nati nyingi za rimu za Toyota za aloi zina washa bapa, na rimu za kununua nyingi zimechongwa matundu ya koni. Kama fundi alirudishia nati zilezile za zamani, zinagusa ukingo tu wa tundu, zinaonekana zimekaza lakini zinalegea zenyewe. Tafuta nati za koni za M12x1.5, kaza kwa kuruka, sio kwa kuzunguka, gari ikiwa bado juu ya jeki, umalizie chini kwa spana ya kupimia kwenye Nm 103, halafu ukishatembea kama kilomita 50 simama uzikaze tena.