Damu na kamasi chooni si lazima iwe kuhara damu

Dada wa Wete, kwa ulivyoeleza (mtoto wa miezi 7, analia kwa vipindi huku kakunja miguu, kisha anatulia kama hana kitu, anatapika kijani, choo kina damu na kamasi), usisubiri dawa ya amiba (vijidudu vya kuhara damu) ifanye kazi. Huenda utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa kanzu unaporudi ndani kwa ndani. Kuhara damu mara nyingi huja na homa na choo cha mara kwa mara. Huyu choo chake ni kidogo, na maumivu huja na kuondoka kila dakika 15 au 20. Damu ni dalili inayochelewa.

Mpeleke sasa hivi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Msimpe kitu mdomoni, na tafadhali msimchue tumbo.

Akiwa amekaukiwa, ataanzishiwa maji ya mshipa, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, na mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumboni. Ultrasaundi ikionesha duara ndani ya duara, ndiyo yenyewe. Tumbo likiwa bado laini, penye vifaa utumbo husukumwa kwa hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa. Likiwa gumu kama ubao, ni upasuaji moja kwa moja: utumbo hukamuliwa taratibu kutoka mbele urudi ulikotoka, hauvutwi, maana ukivutwa huchanika. Sehemu iliyokwisha kufa hukatwa, ncha zikaunganishwa.