Maswali ya Wasomaji: Huyu Mechi 20, Yule Faini Tu, Kwa Nini?

Safari hii sanduku la maswali limejaa hoki ya barafu, hasa NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada, na wengi mmeandika kwa herufi kubwa tupu. Nimewapunguzia sauti kidogo, tuendelee.

Anko shkamoo. Mimi NHL naifuatilia lakini hii ishu ya adhabu imenishinda kabisa. Mtu anapigwa kikumbo anatolewa na machela, refa kimya, kesho yake tunaambiwa kilikua halali. Wiki ijayo mwingine kamgusa mtu kidogo tu anafungiwa mechi 3. Wana sheria hawa au wanabahatisha? – Mkeshaji

Marahaba mwanangu. Sheria wanayo, ni kanuni namba 48, ila haisemi kwamba kichwa hakiguswi. Inataka mambo mawili kwa pamoja: kichwa ndio kiwe sehemu kuu iliyogongwa, halafu mgongano uwe ungeweza kuepukika. Na kwenye hilo la kuepukika wanaangalia kama mpigaji alikua anaulenga mwili vizuri au alinyanyuka kutafuta kichwa, kama mpigwaji alijiweka vibaya mwenyewe, na kama aligeuka au kuinama dakika ya mwisho kabisa. Sasa we niambie, mchezo wenyewe watu wanateleza kwa spidi ile, nani hajainama sekunde ya mwisho? Ndio maana Desemba 2021 Jacob Trouba wa New York Rangers alimpiga Jujhar Khaira wa Chicago, Khaira akatolewa kwa machela, na Trouba hakupewa hata dakika mbili za kukaa nje wala ofisi ya nidhamu ya ligi haikumfungia.

Machela kwenye hatua hiyo haihesabiki. Inakuja kuhesabika hatua ya pili, wakishakubaliana kwamba ni kosa, hapo ndio wanauliza kaumia kiasi gani na huyu mpigaji ana rekodi gani. Na hapa ndio mimi nagombana nao kila siku. Chukua kiwiko kilekile, usoni palepale, nguvu zilezile, mmoja akainuka akajifuta damu akaendelea kucheza, mwingine akaishia hospitali, wa kwanza mpigaji wake anatozwa faini na wa pili mpigaji wake anakula mechi kadhaa, wakati wote wawili wamefanya kitu kimoja. Ukiadhibu matokeo badala ya kitendo unakua umeiachia bahati ikusaidie kuhukumu, halafu unashangaa mashabiki wanakuita kigeugeu.

Na hata hiyo kanuni 48 ilikuja kwa shida. Oktoba 2009 Mike Richards wa Philadelphia alimlaza David Booth wa Florida kwa bega la kichwa, hakufungiwa. Tarehe 7 Machi 2010 Matt Cooke wa Pittsburgh akampiga Marc Savard wa Boston kutoka upande ambao Savard hakua anauona, na yeye hakufungiwa, sababu vitabuni hakukua na kosa la namna hiyo. Kelele zikawa nyingi mpaka ligi ikapitisha kanuni mwezi huohuo, msimu ukiwa bado unaendelea. Mwanzoni ilihusu vikumbo vya pembeni na vya kuvizia tu, 2011 ndio wakaipanua iguse pande zote. Savard alirudi akacheza kidogo, Januari 2011 akagongwa tena na ikawa ndio mwisho wake wa kucheza. Kwenye mashindano ya kimataifa ya IIHF, shirikisho la hoki la dunia, wao wako wakali zaidi upande wa kichwa, na hoki haijafa.

Kaka, mi ni Washington Capitals damu na nimechoka. Kila Tom Wilson wetu akimkaribia mtu dunia nzima inalia. Alifungiwa mechi 20 kwa kikumbo cha mechi ya maandalizi, MAANDALIZI! Hiyo ndio haki? – Mwekundu wa Kudumu

Mdogo wangu, umechagua upande mmoja wa stori, sasa ngoja nikupe zote mbili.

Ya kwanza, ndio, mechi 20, kwa kumpiga Oskar Sundqvist wa St. Louis mwishoni mwa Septemba 2018. Ofisi ilisema ana historia, na kweli alikua nayo, miezi michache tu nyuma kwenye mtoano alifungiwa mechi 3 kwa kumvunja taya Zach Aston-Reese wa Pittsburgh. Akakata rufaa kwa kamishna Gary Bettman, akakataliwa. Akaenda kwa msuluhishi wa nje, ambaye unaruhusiwa kumfuata kama adhabu ni mechi 6 au zaidi, yule akaishusha mpaka 14. Shida ni kwamba siku uamuzi unatoka Wilson alishakaa nje mechi 16. Akarudishiwa sehemu ya hela, lakini mechi 2 zile nani anamrudishia? Hapo nakuunga mkono kabisa. Na hayuko peke yake, Dennis Wideman wa Calgary alimgonga msaidizi wa refa mwaka 2016, akapewa 20, msuluhishi akasema 10, na yeye alishatumikia 19. Rufaa inayofika baada ya kifungo kuisha haina maana yoyote.

Ya pili, mwaka 2021. Machi alifungiwa mechi 7 kwa kumbamiza Brandon Carlo wa Boston ukutani. Tarehe 3 Mei, Madison Square Garden, nyumbani kwa Rangers, akampiga ngumi Pavel Buchnevich wa Rangers ambaye alikua amelala kifudifudi kwenye barafu, halafu kwenye vurugu ileile akamrusha chini Artemi Panarin ambaye hakucheza tena msimu ule. Adhabu? Faini dola 5,000 kwa lile la Buchnevich, na kwa Panarin hakuna kitu. Ligi ikasema ndio kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mkataba wake na chama cha wachezaji. Jamaa mwenye mkataba wa dola milioni 31 kwa miaka 6! Rangers wakatoa taarifa wakisema bosi wa nidhamu George Parros hafai kwenye kiti kile, nao wakatozwa faini ya dola 250,000 kwa maneno. Yaani kulalamika kulikua ghali mara 50 kuliko kitendo chenyewe.

Tarehe 5 timu zikakutana tena uwanja uleule. Mchezo umeanza tu, ngumi pande tatu kwa mpigo, na kabla dakika 5 hazijaisha zilishapigwa mara 6. Kwangu hiyo ndio gharama ya adhabu isiyoeleweka, wachezaji wakiona ofisi haijafanya kazi wanaifanya wao wenyewe, na wanaifanya vibaya.

Kwa hiyo Wilson wako kaonewa mwaka mmoja na kabebwa mwaka mwingine. Chagua kipi kikuume, ila usiniambie anachukiwa na ofisi.

Anko, refa anamtoa mtu mchezoni kabisa, halafu ofisi inasema hana kosa la kufungiwa. Nani anadanganya hapo?

Hakuna anayedanganya, ni vyombo viwili tofauti. Refa anaamua palepale, ofisi iko New York inaangalia marudio ya kila pembe na inamsikiliza mchezaji. Mfano unaouma zaidi ni Machi 2011 pale Montreal, Zdeno Chara wa Boston alimsukuma Max Pacioretty, kichwa kikagonga ile nguzo inayoshika kioo pale mwisho wa benchi. Pingili ya shingo ilivunjika na ubongo ukatikisika. Refa akamtoa Chara, ligi haikumfungia hata mechi moja, ikasema ni ajali ya sehemu ile. Polisi wa Montreal wakafungua uchunguzi. Bado sikubaliani na ule uamuzi lakini naelewa walivyofika pale.

Marefa nao wanakosea kwa upande wa pili. Mtoano wa 2019, mechi ya 7, Cody Eakin wa Vegas alimsukuma Joe Pavelski wa San Jose, Pavelski akaanguka vibaya damu zikamwagika, marefa wakaona damu wakatoa adhabu kubwa ya dakika 5 za Vegas kucheza pungufu, San Jose wakafunga magoli 4 humohumo na Vegas wakatolewa. Ligi ikawaomba radhi Vegas. Msimu uliofuata wakaweka utaratibu kwamba adhabu kubwa isiyo ya ngumi lazima refa aende kwenye video kabla ya kuithibitisha, na hilo limesaidia sana, tuwape haki yao.

Mastaa wanalindwa, kubali tu. – Sina Timu

Nusu nakubali. Aprili 2012 Shea Weber wa Nashville alimshika Henrik Zetterberg kichwa akakigonga kwenye kioo kama anafunga mlango, helmeti ikapasuka, akatozwa dola 2,500 basi. Siku chache baadaye, mtoano uleule, Raffi Torres ambaye si staa alimrukia Marian Hossa akapewa mechi 25, Bettman akashusha mpaka 21. Torres alistahili, huyu hakujifunza, 2015 alikuja kupewa 41. Ila Weber kucheza mechi iliyofuata ilikua aibu.

Nusu nyingine sikubali, sababu Ovechkin mwenyewe, staa wa Capitals, alifungiwa mechi 3 mwaka 2012 akasusa mechi ya mastaa, na Februari 2024 Morgan Rielly wa Toronto, mtu ambaye hakuwahi kufungiwa, alipewa mechi 5 kwa kumpiga Ridly Greig na gongo usoni baada ya Greig kufunga kwa mbwembwe kwenye goli lisilo na kipa. Staa, Toronto, rekodi safi, na bado mechi 5. Ukiniuliza mimi Rielly alipewa sahihi na Weber ndio alitakiwa apewe kama ile.

Ndugu mwandishi, hoki ya siku hizi imekua laini. Enzi za Scott Stevens mtu ukivuka katikati umeangalia chini ulikua unalipia. Tuachieni mchezo wetu. – Wa Zamani

Mzee mwenzangu, hata mimi zile video naziangalia, sitajifanya mtakatifu. Stevens wa New Jersey alimpiga Eric Lindros Mei 2000, mechi ya 7, akaanguka kama gunia, halafu fainali ya 2003 akampiga Paul Kariya wa Anaheim, Kariya akalala pale hasogei, akatolewa, akarudi dakika chache baadaye akafunga goli na timu ikashinda. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Mi nikiiangalia sasa najiuliza nani alimruhusu arudi. Stevens hakupewa adhabu kwa lolote kati ya hayo, na kwa sheria za wakati ule ilikua sawa, sitaki kumhukumu leo.

Lakini kikumbo hakijafutwa. Bega kwa kifua, bega kwa bega, mwenye kisahani (ndio mpira wa hoki) ukutani, vyote bado vipo na uwanja unashangilia vilevile. Na Novemba 2018 ligi ilikubali kulipa dola milioni 18.9 kumaliza kesi ya wachezaji wastaafu waliolalamikia vichwa vyao, bila kukiri kosa. Baadhi yao ndio haohao mashujaa wa enzi zako.

Eti ni kweli bosi wa nidhamu alikua mpigana ngumi? Fisi kulinda bucha! – Dada wa Kaskazini

Kweli dada, Parros alikua mchezaji wa hoki anayelipwa kupigana barafuni, na ana kiti hicho tangu 2017. Ila pia amesoma chuo kikuu cha Princeton, na Oktoba 2013 kwenye moja ya ngumi zake alianguka uso chini akapelekwa hospitali, kwa hiyo mtikisiko wa ubongo anaujua kwa mwili wake. Kabla yake walikua Brendan Shanahan na Stephane Quintal, na kelele zilikua zilezile. Ukimbadilisha mtu ukaacha kanuni inayopima jeraha na faini ya dola elfu 5, utabadilisha jina la kutukana tu. Na hizo faini ndogo chama cha wachezaji nacho kimesaini, sio mabosi peke yao.

Na hela za waliofungiwa zinaenda wapi? Bettman anakula?

Hapana. Zinaingia kwenye mfuko wa dharura wa kusaidia wachezaji. Na ukifungiwa mara ya kwanza wanakata mshahara kwa kugawa siku za msimu, ukirudia ndani ya miezi 18 wanagawa kwa mechi za msimu (82 mpaka msimu wa 2025-26), kwa hiyo kila mechi inauma zaidi. Kwa hizo 82, mwenye dola milioni 5 anapoteza karibu dola 61,000 kwa mechi moja.