Re: Nimekwama kwenye swali la bei mbili, interviu ya Posta

Mkuu, pole. Umesema kwenye interviu ya kazi ya kuandika programu ulipewa orodha ya bei, utafute mbili ambazo jumla yake ni 10,000, ukaweka lupu ndani ya lupu, yaani kila bei unailinganisha na nyingine zote, wakakuuliza kama hakuna njia ya haraka zaidi. Jibu lako halikuwa kosa, ni zito tu. Bei zikiwa 100,000, unaweza kulinganisha jozi karibu bilioni 5.

Tumia kamusi (dict ya lugha ya Python), yaani daftari la programu ambalo unaandika kitu na taarifa yake, kisha unakipata haraka bila kupekua orodha nzima. Tuseme bei ni 3,500, 1,200, 6,500. Ukifika 3,500, jiulize: inabaki ngapi? 6,500. Kamusi bado tupu, basi iandike 3,500 pamoja na nafasi yake, 0 (Python inaanza kuhesabu na 0). Kwenye 1,200 unatafuta 8,800, haipo, andika. Kwenye 6,500 unatafuta 3,500: hiyo hapo! Nafasi 0 na 2, umemaliza kwa kupita mara moja. Gharama yake ni kumbukumbu zaidi ya kompyuta, litaje hilo kabla hawajakuuliza.

Ila angalia kwanza kwenye kamusi ndipo uandike. Ukigeuza, 5,000 iliyo peke yake itajioa yenyewe. Mimi niliangukia hapo hapo, tena nikiwa nimenyamaza dakika kumi kama naangalia mpira. Ongea unavyofikiri, hata kama unababaika.

Steki na foleni, njia mbili za kupanga data, usizipigie sana kelele. Steki ni sahani ya chapati, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuliwa. Foleni ni basi la mwendokasi Kimara asubuhi, siku watu wakiwa na adabu: aliyetangulia ndiye wa kwanza kupanda.