Kabla ya kumfunika mtoto bendera

Mwezi wa sita ukikaribia, studio yangu hapa Lubumbashi hujaa watu wanaotaka picha za Juni 30, sikukuu ya uhuru wa Kongo yetu. Wanakuja na vitenge vya samawati, bendera ndogo za kijiti, watoto wamechorwa nyota ya njano shavuni. Naipenda sana kazi hii. Lakini kuna picha moja niliyopiga miaka michache iliyopita ambayo sitaipiga tena, na kwa ajili yake nawaandikia wenzangu wenye kamera, pamoja na wazazi wanaotuletea watoto.

Mama mmoja kijana aliniletea mtoto wa wiki tatu. Alikuwa ameona kwenye simu picha za Marekani za watoto wachanga waliofungwa ndani ya bendera, naye akataka kama hiyo. Nikatandika kitambaa laini ndani ya kikapu, nikamlaza mtoto, nikamfunika bendera yetu hadi kifuani. Utepe mwekundu ulimkatiza tumboni, nyota ikakaa karibu na sikio. Alikuwa amelala fofofo, ngumi moja chini ya kidevu. Nilijivunia picha ile hata nikaikuza na kuitia fremu bila kuombwa.

Siku ya kuichukua, yule mama alikuja na nkambo wa mtoto, mama mzazi wa mume wake. Nkambo aliitazama kidogo tu, kisha akaigeuza fremu kifudifudi juu ya meza yangu, taratibu, kwa mikono miwili. Akaniambia: «Mutoto wangu, mi sioni mutoto mu hii picha. Naona sanduku.»

Mwanawe wa kwanza alikuwa mwanajeshi. Alifia Kivu, na mwili wake ulirudi nyumbani ndani ya sanduku lililofunikwa bendera ileile.

Baadaye nilisoma kuhusu mabishano ya huko Marekani. Mwaka 2015, mpiga picha wa Virginia alimpiga picha mtoto mchanga aliyebebwa ndani ya bendera, baba yake akiwa amevaa sare ya jeshi la majini. Wengine waliona upendo wa nchi. Wengine walimshambulia mpiga picha huyo kwa maneno makali, wakitaja kanuni za bendera yao zinazosema isitumike kubebea wala kuhifadhia kitu chochote. Kanuni hizo huwa hazimpeleki mtu gerezani, na mwaka 1989 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba hata kuichoma bendera kwa kupinga jambo ni uhuru wa kusema. Basi wao waliulizana kama kanuni imevunjwa. Nkambo hakuniuliza kanuni hata moja. Katika macho yetu, mtu aliyelala chini ya bendera amekufa. Juni 2022 tuliliona sanduku lenye jino la Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, mabaki pekee ya mwili wake, likiwa na bendera juu yake. Lilifikishwa hadi Shilatembo, karibu na mji wetu huu, alikouawa Januari 17, 1961. Wekundu wa ule utepe ni damu ya mashujaa. Hilo tulifundishwa shuleni, na mimi nilikuwa nimemlaza mtoto wa wiki tatu chini yake.

Kwa hiyo siku hizi, kwangu, bendera inasimama. Itundike nyuma ya watu, au mtu aishike kwa mikono, au mtoto apewe ile ya kijiti. Haikaliwi, haikanyagwi, haitandikwi chini hata kama sakafu imedekiwa. Sisi hapa mtu husimama barabarani bendera inapopandishwa na kushushwa. Mteja ambaye asubuhi alisimama kwa heshima, mchana usimwambie aikalie.

Angalia pia nyota. Inatakiwa iwe juu kushoto, na simu nyingi hugeuza picha unapojipiga mwenyewe, nyota ikahamia kulia. Irudishe kabla hujachapa. Na kagua bendera anayokuletea mteja: yenye nyota kubwa katikati na ndogo sita pembeni ni ile ya tangu 1997, iliyoondoka na Katiba ya 2006. Kwa picha ya kumbukumbu ya mzee, sawa. Kwa picha ya sikukuu ya leo, mweleze kwanza.

Sare za jeshi siziazimishi kwa raia, hata kofia. Bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, ile yenye misalaba mitatu ya shaba, nayo haiingii studio yangu. Msalaba wa shaba wenyewe ni urithi wetu na ni mzuri sana kwenye mwanga wa dirishani, lakini ile bendera bado inauma watu wa mji huu, na picha ikishatoka haina wa kuielezea.

Zaidi ya yote, kabla sijawasha taa, namuuliza mteja picha itatundikwa wapi na nani nyumbani ataiona kila siku. Swali hilo ningemuuliza yule mama, angenitajia shemeji yake aliyefia Kivu.

Sikumtoza hela. Nilimwomba nkambo aketi, nikamweka mtoto mapajani mwake, mama yake akasimama nyuma ameshika bendera wima. Mtoto aliamka akaanza kulia, na nkambo akacheka mara ya kwanza tangu aingie. Nilibofya hapohapo. Kisha aliniomba nifute ile ya kwanza. Nikaifuta kwenye kamera, nikaifuta kwenye kompyuta, yeye amesimama kando yangu akitazama.