"Programu haipo" au "amri haikupatikana"?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Moshi, na ninaandika mwongozo wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaoanza kutumia teminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Mwanafunzi akiandika jina la programu na kompyuta ikajibu "command not found", mimi nimetafsiri kuwa "programu haipo". Mwenzangu mmoja anataka tuandike "haimo", mwingine "haiko", na wote wawili wanadai kuwa tofauti ya maneno hayo ni mapambo tu. Je, lipi ni sahihi? Na ile orodha iitwayo PATH, inatosha tuiite "njia"?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kati ya maneno matatu mnayogombania hakuna hata moja linalofaa kutafsiri ujumbe huo, ingawa yote matatu yana kazi yake mahali pengine katika mwongozo wenu, na kazi hiyo nitaieleza. Kosa la tafsiri yenu si la sarufi. "Programu haipo" ni sentensi safi ya Kiswahili. Taabu yake ni kwamba inasema jambo ambalo kompyuta haikulisema, wala haikuwa na namna ya kulijua.

Tuanze na kinachotendeka. Mwanafunzi anapoandika python3 na kubonyeza kitufe cha kuingiza, kompyuta haiendi kupekua diski nzima. Huchukua orodha ya folda iliyohifadhiwa kwa jina la PATH, ikaangalia folda ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mpangilio uleule ulioandikwa, na mara inapokuta faili lenye jina hilo na lenye ruhusa ya kuendeshwa, husimama hapo na kuliendesha. Orodha ikiisha faili lisionekane, ndipo hutoa ujumbe ule. Ujumbe huo, basi, ni taarifa ya jinsi msako ulivyokwisha. Programu yenyewe inaweza kuwa imetulia zake katika folda ambayo hakuna aliyeiandika kwenye orodha, na ikawa nzima kabisa.

Ukimtuma kijana Soko la Kilombero akamtafute fundi cherehani katika vibanda vitano ulivyomwandikia kwenye karatasi, naye akarudi mikono mitupu, hawezi kukuambia kuwa fundi hayupo sokoni. Anachoweza kusema kwa haki ni "sikumpata". Huenda fundi yuko kibanda cha sita, anashona. Kijana akisema "hayupo", wewe utatafuta fundi mwingine. Akisema "sikumpata", utamuuliza alipita wapi. Wanafunzi wenu nao, wakisoma "haipo", watakimbilia kusakinisha programu upya, na wengine wataishia kuwa na nakala mbili za programu ileile katika mashine moja, jambo ambalo huzaa matatizo mapya.

Kitenzi kinachofaa ni kupatikana, na hapo tena inabidi tuchague njeo. "Haipatikani" tunaisikia kila siku kwenye simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hakuna anayesikia maneno hayo akadhani mwenye namba amefutika duniani, na katika hilo neno linatufaa; lakini kiambishi tamati -i cha ukanushi kinaeleza hali inayoendelea, kama tunaposema kuwa dawa fulani haipatikani mjini, na msako wa kompyuta si hali inayoendelea. "Haijapatikana" inaacha tumaini kwamba msako bado unafanyika, ilhali umekwisha zamani, pengine kabla mwanafunzi hajainua kidole. "Haikupatikana", yenye -ku- ya wakati uliopita, ndiyo inayosema kilichotokea: msako ulifanyika mara moja, ukaisha, haukuzaa kitu. Andikeni "amri haikupatikana". Ninasema amri badala ya programu kwa sababu wakati huo kompyuta ina neno moja tu lililoandikwa na mtumiaji, na neno hilo linaweza kuwa limekosewa herufi.

Tahadhari ndogo ya sarufi: kupatikana, kuonekana na kujulikana ni vitenzi vya kauli ya kutendeka, navyo havipendi kutajiwa mtendaji. Nimeona mahali pameandikwa "faili halikupatikana na kompyuta", na sikio linakataa. Ikibidi kumtaja mtafutaji, geuza sentensi: "kompyuta haikulipata faili". Ujumbe tulioujadili ni wa mfumo wa Linux. Windows, kwa upande wake, haisemi lolote kuhusu kupata. Hudai kwamba neno lililoandikwa halitambuliki kuwa amri wala programu inayoweza kuendeshwa. Sababu aghlabu ni ileile, kwa hiyo mtafsiri aliye mwaminifu ataandika "haikutambuliwa", kisha mwalimu aeleze darasani kuwa wageni hao wawili wanalalamikia jambo moja.

Sasa nirudi kwenye -po, -ko na -mo, maana wenzako wamekosea kuyaita mapambo. Sarufi yetu inatofautisha mahali mahususi panapojulikana, mahali pasipo dhahiri, na ndani ya kitu. Ni kweli kwamba katika mazungumzo mipaka hiyo hulegea. Hapa Arusha utasikia "ipo wapi" mara nyingi kuliko "iko wapi", na sitamsahihisha mtu stendi kwa ajili hiyo. Katika mwongozo wa kiufundi, hata hivyo, tofauti hizo ni mali, kwa sababu mtu anayetafuta programu iliyosakinishwa ana maswali matatu tofauti, na kila kiambishi kina swali lake.

Swali la kwanza ni la kuwapo: programu ipo? Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, na ndugu zake wa karibu hujibiwa kwa amri dpkg -l, inayotoa orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa kwa utaratibu wa mfumo. Swali la pili ni la mahali: iko wapi? Hili hujibiwa na which, au command -v, kwenye Linux, na where kwenye dirisha la amri la Windows. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andikeni where.exe, maana where peke yake humo ina kazi nyingine. Amri hizi huonyesha ilipo programu, lakini kumbukeni kwamba which nayo hutembea ndani ya orodha ileile ya PATH, kwa hiyo ikinyamaza bado hamjathibitisha kuwa programu haipo. Swali la tatu ni la ndani: imo katika folda ipi, na je, folda hiyo imo katika PATH? Hili la mwisho ndilo wanafunzi hulisahau, na ndilo lenye dawa. Mtu anaweza kuandika sentensi moja iliyobeba yote matatu: programu ipo, iko mbali na folda zilizozoeleka, na folda iliyomo haimo katika orodha. Ninazo lugha nyingine mbili ninazozisoma, na sijui kuiandika sentensi hiyo kwa ufupi huo katika yoyote kati yake.

Kwa kuwa nimelitumia neno sakinisha, niseme kwamba ninalipenda kuliko "instoo" ya mitaani. Linatokana na sakini, yaani kukaa mahali na kuishi hapo, kutoka mzizi wa Kiarabu uliotupa pia maskani, na uliomo hata katika jina Sakina, ambalo wakazi wa Arusha wanalijua kama mtaa ulio kando ya barabara iendayo Namanga. Kusakinisha programu ni kuipa maskani. Ukilieleza hivyo darasani, mwanafunzi ataona mara moja kuwa kitu chenye maskani kinaweza kuwa na maskani asiyoyajua mgeni.

Kuhusu PATH, "njia" peke yake haitoshi, na sababu ni kwamba mtahitaji neno hilo kwa jambo jingine. /usr/bin/python3 ni njia: inaonyesha kutoka mzizi wa mfumo hadi kwenye faili moja, ikitenganisha hatua kwa alama ambayo waalimu wa lugha huiita mkwaju. PATH ni mkusanyiko wa njia nyingi, zinazotenganishwa kwa nukta pacha kwenye Linux na kwa nukta mkato kwenye Windows. Ninashauri muiite "orodha ya njia", na jina PATH lenyewe mliache kwa herufi kubwa kama lilivyo, kwa sababu kompyuta haitalielewa likitafsiriwa. Mfano wa kuwaeleza wanafunzi ni kifodi: kina vituo vyake, hupita kwa mpangilio uleule, na abiria aliyesimama barabara nyingine hachukuliwi hata akipunga mikono yote miwili. Na kama abiria wawili wa jina moja wamesimama vituo viwili tofauti, atakayechukuliwa ni wa kituo kilichotangulia. Ndiyo maana mtu husakinisha toleo jipya, akaita programu, na likaitika la zamani. Amri type -a huonyesha wote wawili, kwa mpangilio wao.

PATH huhesabiwa miongoni mwa vigeu vya mazingira, yaani majina yanayohifadhi taarifa ambazo programu huzisoma, dhana iliyoingia katika Unix, mfumo wa zamani ambao Linux iliufuata, kwa toleo la 7, mwaka 1979. Kigeu ni neno zuri la kihisabati. Lisichanganywe na kigeugeu, ambaye ni mtu asiye na msimamo. Wanaoandika "kibadilika" nao hawajakosea. Mazingira hubaki katika wingi daima: mazingira haya, mazingira yangu. Nimesoma "mazingira hii" katika maandishi ya watu wa kompyuta, na sijapata udhuru wa kuwapa.

Neno ambalo mwongozo wenu unapaswa kulichunga kuliko yote, hata hivyo, ni kitenzi "weka". Mpwa wangu, anayesoma hapa Arusha, alinipigia simu usiku mmoja sauti ikimtetemeka: "Mjomba, kompyuta imefuta kila kitu." Nilipofika nilikuta anaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, na kompyuta inajibu kuwa haikupatikana. Alikuwa amesoma maelekezo fulani ya Kiswahili yaliyomwambia "weka folda yako kwenye PATH", naye akaandika:

export PATH=$HOME/programu/bin

Kwa Kiswahili alitii barabara. Kuweka ni kutia kitu mahali, na kitenzi hakisemi iwapo kilichokuwapo kitabaki au kitatoka. Kompyuta ilielewa kuwa kitoke: orodha nzima ya zamani ikaondoka, ikabaki folda moja. Amri cd na echo ziliendelea kuitika kwa sababu hazitafutwi kwenye folda yoyote, zimo ndani ya programu ileile inayopokea amri. Tulipoandika /bin/ls kwa ukamilifu, mafaili yake yote yakajipanga kwenye kioo, na kijana akavuta pumzi. Hakuna kilichofutwa. Programu zilikuwa palepale zilipo, orodha ndiyo iliyopotea, na kwa kuwa badiliko lilikuwa la dirisha lile tu, kufungua jipya kulitosha kuirudisha.

Mwandishi wa maelekezo yale angetumia "ongeza", mkasa usingetokea. Kuongeza kunadai kuwepo kwa kitu cha awali, na mwanafunzi anayejua Kiswahili atajiuliza: niongeze juu ya nini? Jibu liko katika mstari sahihi:

export PATH="$PATH:$HOME/programu/bin"

Alama ya dola mbele ya jina ndiyo inayobeba kilichokuwapo, na Kiswahili kina neno lake tayari, lile linalochapwa kwenye kurasa za mwanzo za vitabu: yaliyomo. Soma mstari huo hivi: PATH iwe yaliyomo katika PATH, kisha nukta pacha, kisha folda yangu. Elezeni pia kuwa imeongezwa mwishoni, kwa hiyo itatazamwa mwisho. Anayetaka itangulie aiandike kabla ya $PATH. Mstari huo ukiandikwa kwenye teminali ni wa muda. Ukitaka udumu, uandikwe katika faili la .bashrc lililo kwenye folda ya nyumbani.

Mwisho mmeniuliza pembeni, mwishoni mwa barua, namna ya kusoma ile nukta katika ./jaribio. Nukta hiyo ni folda ambamo mtumiaji yumo wakati huo. Linux haiangalii humo isipoambiwa, ndiyo maana mwanafunzi huona faili lake kwa macho na bado akaambiwa halikupatikana. Msiisome "doti". Isomeni "humu": humu, mkwaju, jaribio.